Zinki Ife, Chuma Kipone: Historia ya Kinga ya Kutu

Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliipigilia manowari yake HMS Alarm mabamba membamba ya shaba, kuanzia mkuku hadi usawa wa maji. Adui aliyekusudiwa hakuwa kutu. Alikuwa funza wa baharini, yule anayetoboa mbao katika maji ya joto hadi ubao mnene ukawa vishimo vitupu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walimjua mdudu huyo tangu zamani, na dawa yao ilikuwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, waliyoipaka jahazi likiwa limepwelewa ufukweni. Manowari iliyotumwa Karibi kwa miaka miwili au mitatu haikuwa na nafasi ya kupwelewa na kupakwa kila msimu, na ndiyo maana shaba ikajaribiwa.

Shaba ilimshinda funza. Iliwazuia pia majani ya bahari na viumbe wa magamba wanaong'ang'ania chini ya meli na kuipunguzia mwendo. Lakini Alarm ilipokaguliwa mwaka 1763 baada ya safari yake, mabamba mengi yalikutwa yamelegea na mengine yamedondoka. Misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imelika kabisa, baadhi yake ikabaki kama uji mweusi. Hata hivyo misumari michache ilikuwa mizima, na wakaguzi wakajiuliza kwa nini. Shaba ilikuwa imeletwa bandarini ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kahawia, na mafundi hawakuibandua yote kabla ya kupigilia. Pale ambapo kipande cha karatasi kilibaki kati ya msumari na bamba, msumari ulipona. Wakaguzi wakahitimisha kwamba chuma kisiachwe kigusane na shaba ndani ya maji ya chumvi. Hitimisho hilo, lililotokana na uvivu wa fundi asiyejulikana, lilitangulia maelezo yake ya kisayansi kwa karibu miaka arobaini.

Lilisahauliwa upesi pia. Vita vya uhuru wa Marekani vilipopamba moto, mkuu wa utawala wa jeshi hilo, Charles Middleton, aliamuru kuanzia mwaka 1779 kwamba manowari zote zipigwe shaba. Mbao za meli hizo zilikuwa zimeunganishwa kwa bolti nene za chuma. Ilidhaniwa kwamba lami, rangi na karatasi vingetosha kuzitenga na shaba. Havikutosha. Bolti zililika ndani ya mbao, mahali ambapo jicho halifiki, na meli iliyoonekana nzima kwa nje ikawa inashikiliwa na vijiti vya kutu. Katika miaka ya 1780 jeshi lililazimika kuachana na bolti za chuma na kuweka za shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Ilikuwa kazi ghali, iliyofanywa meli moja baada ya nyingine.

Maelezo yalikuja mwaka 1800, Alessandro Volta wa Italia alipopanga vipande vya zinki na fedha vilivyotenganishwa kwa kitambaa kilichoroweshwa maji ya chumvi na kupata umeme unaotiririka bila kukoma. Betri hiyo na msumari wa Alarm ni kitu kimoja: metali mbili tofauti zinagusana, kimiminika chenye chumvi kinazizunguka, na ile iliyo nyepesi zaidi kuachia elektroni zake ndiyo inayoyeyuka. Inapoyeyuka, elektroni zake hukimbilia kwenye metali ya pili na kuifanya isiyeyuke. Chuma kikiwa na shaba, chuma ndicho huliwa. Chuma kikiwa na zinki, huliwa zinki.

Mtu wa kwanza kuligeuza jambo hili kuwa kinga alikuwa Humphry Davy, mkemia aliyekwisha kutenga potasiamu na sodiamu kwa umeme mwaka 1807. Jeshi la Majini lilimwendea na lalamiko jipya: shaba yenyewe ilikuwa ikilika baharini na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Davy hakutafuta shaba iliyo safi zaidi, ingawa wengi walidhani tatizo liko hapo. Aliwaza kwamba ikiwa shaba huyeyuka kwa sababu ya hali yake ya kiumeme, basi hali hiyo ibadilishwe. Mwezi wa Januari 1824 aliieleza Royal Society ya London kwamba kipande cha zinki cha ukubwa wa punje ya njegere, au ncha ya msumari mdogo wa chuma, kilitosha kukinga bamba la shaba la inchi za mraba 40 hadi 50. Michael Faraday, wakati huo bado msaidizi wa maabara, alimsaidia katika majaribio hayo.

Meli ya kwanza kubwa kufungwa kinga hiyo ilikuwa HMS Samarang. Mwezi Machi 1824 iliwekewa vipande vya chuma cha kusubu ambavyo eneo lake lilikuwa sehemu moja kwa themanini ya eneo la shaba. Ilivuka Atlantiki hadi Nova Scotia na kurudi, na shaba yake ilikuwa imehifadhika vizuri. Hesabu za Davy zilikuwa sahihi, lakini chini ya meli palikuwa pamejaa majani na viumbe wa magamba, kiasi kwamba mwendo ulikuwa umeharibika.

Sababu ilikuwa ndani ya mafanikio yenyewe. Kilichowafukuza viumbe hao si shaba ngumu, bali chembe za shaba zinazoyeyuka kidogo kidogo na kuwatia sumu. Davy aliizuia shaba isiyeyuke, na hivyo akaifungia sumu yake. Mwaka 1825 jeshi liliamuru kinga ziondolewe kwenye meli zinazosafiri. Magazeti yalimcheka, na Davy alifariki Geneva mwaka 1829 akiwa na uchungu wa jambo hilo. Hukumu hiyo haikumtendea haki. Alikuwa ameulizwa namna ya kuzuia shaba isilike, akajibu swali hilo barabara. Waliouliza ndio waliokuwa hawajui kwamba walihitaji iendelee kulika.

Binamu yake Edmund Davy, profesa huko Dublin, alichukua wazo lile lile na kulipeleka mahali panapolifaa zaidi. Boya la chuma la bandarini halisafiri, kwa hiyo halijali likiota majani. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alifunga vipande vya zinki kwenye maboya na chuma kikasalimika. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma, shaba ikaondolewa kabisa chini yake na nafasi ikachukuliwa na rangi zenye sumu. Vipande vya zinki, na baadaye vya aluminiamu, vikapata makazi ya kudumu karibu na rafadha ya shaba nyeusi, na bado vipo hapo. Meli ikipandishwa chelezoni, vilivyolika hufunguliwa na vipya kufungwa.

Zinki ilifika nchi kavu kwa njia nyingine. Mkemia Mfaransa Paul Jacques Malouin alieleza mwaka 1742 kwamba chuma kilichochovywa ndani ya zinki iliyoyeyushwa hupata ngozi isiyoshika kutu, lakini ilichukua karibu karne nzima kabla ya Stanislas Sorel, mhandisi wa Paris, kupata hataza ya njia hiyo mwaka 1837. Sorel alielewa kile ambacho Malouin hakuweza kukijua, kwamba ngozi ya zinki haikingi kwa kufunika tu. Ikikwaruzwa na chuma kikawa wazi, zinki iliyo kandokando ya mkwaruzo huanza kuyeyuka kwa ajili yake, na kutu haianzi. Rangi ya kawaida haiwezi hilo. Rangi ikipasuka, kutu huingia chini yake na kutambaa.

Wakati huo huo Uingereza ilikuwa na bati lenye mikunjo, lililopewa hataza na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, jepesi na imara ila lenye kuoza haraka. Mikunjo ya Palmer na zinki ya Sorel vilipokutana, yakapatikana mabati ambayo Afrika Mashariki inayajua. Nairobi iliyochipuka kando ya reli mwaka 1899 ilikuwa kwa sehemu kubwa mji wa mabati. Umri wa bati hutegemea mahali lilipo: hewa ya bara huila zinki polepole, hewa ya pwani yenye chumvi huimaliza mapema, na kutu nyekundu huanzia kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya misumari. Tangu mwaka 1972, kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilipoanza kuuza mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55 na zinki, mabati mengi ya kisasa yamefuata mkondo huo, kwa kuwa aluminiamu huchelewesha kulika kwa zinki.

Jambo la ajabu ni kwamba viwanda vilitumia kinga ya umeme kwa miaka mingi huku wanasayansi wakibishana juu ya kutu ya kawaida, ile inayoshika chuma kilicho peke yake bila shaba wala zinki karibu. Wengi waliamini husababishwa na asidi inayotokana na hewa ya ukaa. Mwaka 1903 Mmarekani Willis Whitney alifungia chuma ndani ya chupa ya maji yaliyoondolewa hewa yote. Maji yalibaki maangavu kwa majuma kadhaa. Alipofungua chupa na kuruhusu hewa iingie, maji yakageuka rangi ya kutu upesi. Chuma kilikuwa kimekwisha kuyeyuka kidogo humo ndani bila asidi yoyote, na oksijeni ilikuja tu kukianika hadharani.

Aliyeonyesha mahali umeme ulipojificha alikuwa Ulick Evans wa Cambridge, katika miaka ya 1920. Jaribio lake linaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Tone moja la maji ya chumvi huwekwa juu ya bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa, likiwa limetiwa kemikali mbili: moja hugeuka buluu panapoyeyuka chuma, nyingine waridi panapotokea alkali. Mwanzoni madoa ya buluu na waridi hutawanyika ovyo chini ya tone. Kisha yanajipanga. Katikati panakuwa buluu, ukingoni panakuwa waridi, na kati ya maeneo hayo hujengeka pete ya kutu ya kahawia. Ukingo wa tone ni mwembamba na oksijeni huufikia kwa urahisi. Katikati ni kina na oksijeni haifiki. Tofauti hiyo ya hewa peke yake inatosha kukigawa kipande kimoja cha chuma kuwa betri, na cha kushangaza ni kwamba panapoliwa ni pale pasipo na oksijeni. Mwaka 1932 Evans na T. P. Hoar walipima mkondo wa umeme unaopita na kukuta unalingana na chuma kilichopotea, sawasawa na kanuni ambayo Faraday aliiweka karibu miaka mia moja kabla.

Tone la Evans lilieleza mambo mengi yaliyowasumbua mafundi: kwa nini nguzo ya gati huliwa chini kidogo ya usawa wa maji, kwa nini tangi hutoboka chini ya tope lililotulia, na kwa nini bolti iliyokazwa huoza chini ya washa ilhali sehemu yake iliyo wazi ni nzima. Kila mahali ni oksijeni kuwa nyingi upande mmoja na haba upande wa pili.

Kufikia hapo tatizo lilikuwa limehamia ardhini, na lililetwa na umeme wenyewe. Kuanzia mwaka 1888, Frank Sprague alipofungua mfumo wa tramu za umeme huko Richmond, Virginia, miji ya Marekani ilijaza barabara zake reli ambazo zilitumika pia kurudisha mkondo kituoni. Si mkondo wote uliokubali kupita relini. Sehemu yake ilizama ardhini, ikaingia kwenye mabomba ya maji na maganda ya risasi ya nyaya za simu, ikasafiri humo kwa raha, kisha ikatoka karibu na kituo cha umeme. Mahali pa kuingia bomba lilikingwa, mahali pa kutoka liliyeyuka. Kwa kanuni ya Faraday, ampea moja inayotoka kwenye chuma kwa mwaka mzima hubeba karibu kilo 9 za chuma hicho, na mikondo iliyopotea haikuwa ya ampea moja moja. Kampuni za maji na za tramu zikapelekana mahakamani.

Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilipewa jukumu la kuchunguza mwaka 1910. Ilikuta kwamba tramu zilikuwa na hatia, lakini mabomba yalioza hata vijijini ambako hapakuwa na tramu. Mwaka 1922 ikaanza kuzika vipande vya metali katika udongo wa aina mbalimbali nchini kote na kuvifukua baada ya miaka kadhaa. Matokeo yalikusanywa na Melvin Romanoff mwaka 1957, baada ya zaidi ya vipande 36,000 kuzikwa. Kazi kama hiyo haina mvuto wowote, nayo ndiyo iliyothibitisha kwamba bomba lile lile huweza kudumu katika mchanga mkavu na kutoboka haraka katika udongo wa mfinyanzi wenye maji na chumvi.

Mhandisi Robert Kuhn wa New Orleans alikuwa na udongo wa aina hiyo ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa mkondo unaotoka ndio unaokula bomba, basi bomba lilazimishwe kupokea mkondo kila mahali, lisiwe na pa kuutoa. Mwaka 1928 aliunganisha bomba refu la gesi na mashine inayogeuza umeme wa kawaida kuwa mkondo wa upande mmoja, na upande wa pili wa mashine akauunganisha na vyuma vilivyozikwa mbali ili viliwe badala yake. Hii ilikuwa kinga ya Davy bila zinki, kwani msukumo uliotoka kwenye zinki sasa ulitoka mtambo wa umeme.

Kuhn aliacha pia namba. Kipimo chake ni kifimbo cha shaba kilichotumbukizwa katika mmumunyo wa salfeti ya shaba ndani ya mrija wenye kitako kinachopitisha unyevu. Kitako huwekwa juu ya ardhi, waya mmoja wa mita huunganishwa na kifimbo, wa pili na bomba. Kuhn aliona kwamba chuma kikishushwa hadi volti hasi 0.85, kulika hukoma kwa vitendo. Miaka kumi baadaye Mbelgiji Marcel Pourbaix alianza kuchora ramani zinazoonyesha, kwa kila kiwango cha volti na asidi, kama metali itayeyuka, itajifunika ngozi au itatulia. Namba ya Kuhn, iliyopatikana matopeni Louisiana, ilikubaliana vyema na ramani za Pourbaix, na bado inatumiwa na mafundi wa mabomba ulimwenguni.

Mwaka 1943 wahandisi kumi na mmoja wa sekta ya mabomba ya Marekani waliunda chama chao cha kushughulikia kutu, na mabomba marefu yaliyojengwa baada ya vita yakapata kinga mbili kwa pamoja: kifuniko cha lami au plastiki juu ya chuma, na umeme wa kulinda matundu yaliyomo kwenye kifuniko. Mpango huu ni wa akili, kwani kifuniko hupunguza umeme unaohitajika na umeme husahihisha kasoro za kifuniko. Ila tarehe 4 Machi 1965 bomba la gesi lilipasuka karibu na Natchitoches, Louisiana, na kuua watu 17. Chuma hakikuwa kimeliwa kikawa chembamba. Kilikuwa na nyufa, zilizochimbwa na kemikali na msukumo wa gesi kwa pamoja.

Uchunguzi wa nyufa za aina hiyo ulirudisha wahandisi kwenye funzo la Samarang. Umeme wa kinga huzalisha alkali kwenye uso wa bomba, ile ile ya rangi ya waridi katika tone la Evans. Kifuniko kinapobanduka, maji huingia chini yake na alkali hiyo hugeuka kuwa mmumunyo wa kabonati, ambao katika joto na volti fulani hupasua chuma kilichovutwa. Kinga ilikuwa imetengeneza sehemu ya sumu yake. Hata hivyo, kuiacha kungekuwa balaa kubwa zaidi, na sheria ya Marekani ikalazimisha mabomba ya gesi yatakayofukiwa baada ya Julai 1971 yawe na kifuniko na umeme, vyote viwili.

Wale waliotarajia kukwepa shida hizi kwa kubadilisha metali walipata somo linalofanana. Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza mwaka 1913 chuma chenye karibu asilimia 13 ya kromiamu, ambacho hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana na hivyo hakishiki kutu. Chuma cha pua kimefanya kazi nzuri viwandani, hasa vya maziwa na kemikali. Lakini ngozi yake inaogopa kloridi. Mwezi Mei 1985, huko Uster, Uswisi, dari ya saruji ya bwawa la kuogelea iliporomoka na kuua watu 12. Vyuma vya pua vilivyoishikilia vilikuwa vimepasuka kimyakimya kwa sababu ya mvuke wenye klorini. Chuma cha kawaida kingetangaza ugonjwa wake mapema kwa kutu nyekundu, ila hiki kiliendelea kung'aa.

Gharama za yote haya zilihesabiwa kwa mara ya kwanza kwa makini Uingereza mwaka 1971, na kamati iliyoongozwa na Hoar, yule yule aliyefanya kazi na Evans. Ilikadiria hasara ya pauni milioni 1,365 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.5 ya pato la taifa, na kwamba karibu robo ya hasara hiyo ingeokolewa kwa kutumia maarifa yaliyokuwepo tayari. Makadirio ya dunia ya mwaka 2016 yalitoa asilimia 3.4, tofauti ndogo mno.

Adui mpya kabisa alitokana na ubora wa vifuniko. Mwaka 1986 huko Ujerumani, bomba la gesi lililofunikwa polietilini safi na kupita sambamba na reli ya umeme lilikutwa na mashimo, ingawa vipimo vyote vya Kuhn vilionyesha liko salama. Umeme wa mkondo geu hurukia kwenye bomba lililo sambamba na nyaya zake, kisha hutafuta pa kutokea. Kifuniko cha zamani kilikuwa na matundu mengi, mkondo ukatawanyika. Kifuniko kizuri kina vitundu viwili vitatu vidogo kama kichwa cha pini, na mkondo wote hutokea hapo. Siku hizi waya wa ardhini hufungwa kwenye mabomba ya namna hiyo ili mkondo geu upate njia nyingine.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Bomba la TAZAMA limesafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, tangu mwaka 1968, umbali wa kilomita 1,710 zenye udongo wa kila aina. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linaleta swali ambalo Kuhn hakukutana nalo. Mafuta ya Uganda huganda kama nta yakipoa, hivyo lazima yapite yakiwa juu ya nyuzi 50 za Selsiasi, na bomba limevikwa povu la kuhifadhi joto chini ya ganda la plastiki. Povu linalozuia joto lisitoke huzuia pia umeme wa kinga usiingie. Maji yakipenya chini yake, mita iliyowekwa juu ya ardhi inaweza isione kitu. Kwa bomba la aina hii ukaguzi wa uhakika hufanywa kutoka ndani, kwa chombo chenye sumaku au mawimbi ya sauti kinachosukumwa na mafuta yenyewe kutoka kituo hadi kituo, kikipima unene wa chuma kila hatua.